Mahari ya Nyumba

Nchi yetu sitaitaja jina. Yenyewe inajijua, na watu wake wa usalama wanajua ninapokaa. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina mlima mmoja na wizara nyingi, na mimi ni raia wake mwema. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nina kinyongo. Sina kinyongo. Sina mke, sina wazazi, sina televisheni. Nina muda na nina macho, na haya ninayowasimulia niliyaona mwenyewe, mengine nikiwa nimeshika sahani ya pilau.

Yalianza pale Wizara ya Makazi ilipogundua kwamba wananchi hawana nyumba. Ugunduzi huo ulichelewa kidogo kwa sababu wataalamu wote wa wizara walikuwa wanakaa kwenye nyumba. Waziri wetu, Mheshimiwa Lugongo, akaunda tume. Tume ikazunguka nchi nzima, ikilala hotelini, ikarudi na taarifa kwamba nyumba si tatizo. Tatizo ni wananchi. Wanataka nyumba bila kujitayarisha kifedha.

Waziri akaja redioni kutueleza.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi nahudhuria harusi zenu. Nawaona. Mtu ambaye benki hawamjui hata kwa sura, siku ya harusi yake ana keki ya ghorofa saba. Mtu anayekopa unga dukani, kadi zake za mwaliko zina dhahabu pembeni. Kumbe uwezo mnao. Mkitaka kuoa mnajitayarisha mpaka mnauza kitanda mtakacholalia. Kwa hiyo, kuanzia leo, katika nchi hii nyumba ya kwanza hainunuliwi. Nyumba ya kwanza inaposwa."

Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu chumbani, lakini nilipiga.

Chumba changu kinapakana na cha Kibwana na mkewe Sikudhani, katika nyumba ya Mzee Kondo. Kibwana ni fundi wa mapazia. Ameshona mapazia ya nusu ya madirisha ya mji huu, na chumba chake hakina dirisha. Sikudhani anauza vitumbua asubuhi. Ni watu wa heshima, wanalipa kodi mapema, na wakigombana wanawasha redio ili nisisikie. Mimi huisogelea ile redio.

Shida yao ilikuwa moja. Mama yake Sikudhani, Bi Mashavu, alibaki kijijini peke yake. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na masika yaliyopita ukuta wa nyumba yake ulilala chini, hivyo akawa analala jikoni kwa majirani, baina ya mafiga na kuku. Sikudhani alitaka kumleta mjini. Lakini Mzee Kondo ameandika masharti yake ukutani kwa rangi nyekundu: kutwanga marufuku, kupiga pasi marufuku, mgeni mwisho saa mbili usiku. Sikudhani alikwenda kumwomba.

"Binti yangu," Mzee Kondo alisema kwa upole, maana ni mtu mpole sana anapokataa, "nimepangisha watu wawili. Nikikubali mama, kesho ataingia mjomba. Chukua nyumba yako, umweke humo hata bibi wa bibi yako."

Usiku ule redio haikuwashwa, na mimi nilimsikia Sikudhani akilia. Alikuwa anasema, "Mama yangu analala na kuku, Kibwana. Mama yangu mimi." Asubuhi Kibwana alivaa shati la pasi, iliyopigwa kwa siri, akaenda wizarani kujiandikisha kuposa.

Kwa kuwa ilikuwa nyumba yake ya kwanza, aliandikishwa kuwa mwari, na mwari lazima afundwe. Wizara ilikuwa imeajiri makungwi. Kungwi tunayemjua sisi ni mwanamke mtu mzima mwenye siri nyingi. Kungwi wa wizara alikuwa kijana wa tai aitwaye Bwana Mtitu, Kungwi Daraja la Pili. Hakuwa na ngoma, alikuwa na ubao.

Mafunzo ya kwanza yalikuwa ya kuweka akiba. Mwari aache sukari. Mwari aache nyama, na akipita penye harufu ya nyama apite upande wa pili wa barabara ili asizoee. Fedha inayookolewa ipelekwe kwenye Chungu cha Taifa, ambako wizara itailinda, na kila mwezi chungu kinajilipa gharama ya ulinzi. Kibwana aliuliza kama akikaa muda mrefu gharama ya ulinzi haitamaliza akiba yenyewe. Bwana Mtitu alimsifu. Alisema mwari anayeuliza swali hilo ameanza kuiva.

Kisha yakaja mazoezi ya kusikia bei. Mwari anakalishwa kwenye kigoda, kungwi anamsomea bei ya nyumba kwa sauti, na mwari hatakiwi kufumba macho wala kushika kichwa. Kibwana alishindwa mara ya kwanza. Mara ya pili alitazama mbele, machozi yakashuka yenyewe, na machozi yanaruhusiwa.

Somo gumu lilikuwa la madeni.

"Unadaiwa na nani?" Bwana Mtitu alimuuliza.

"Sidaiwi na mtu, bwana mkubwa. Tangu nizaliwe sijakopa."

Bwana Mtitu aliweka chaki chini. "Hata dukani?"

"Hata dukani."

"Bwana Kibwana, hii ni hatari. Sisi tutajuaje kwamba wewe ni mtu wa kulipa madeni, kama huna madeni? Nenda ukakope. Kopa kitu kizito kidogo, kikuumize, halafu ulipe tukiona."

Kibwana akakopa kwa Mzee Kondo, ambaye alifurahi mno na akaweka riba ya kirafiki. Kile alichokopa hakuwa na kazi nacho, akakiweka chini ya godoro, akawa anakilipa kwa kushona mapazia hadi usiku. Alipomaliza alipewa cheti cha Mdaiwa Mwaminifu, chenye picha ya Waziri akitabasamu. Sikudhani alikitundika pale ambapo dirisha lingekuwa.

Mimi nilichaguliwa kuwa mshenga. Niliazima kanzu, nikapeleka posa. Nyumba tuliyopangiwa ilikuwa ya vyumba viwili, eneo la Mabondeni, na jamaa zake walinipokea ofisini wakiwa wamejipanga. Mkurugenzi wa Viwanja ndiye baba. Mhasibu Mkuu, mama mnene mwenye miwani, ndiye mama. Walikuwepo pia wajomba, maofisa ambao kazi yao sikuijua, mmoja anakula karanga.

Niliwasalimu, nikasema maneno ya kiungwana kama desturi inavyotaka: tumesikia humu ndani mna jiko, nasi tuna baridi. Baba wa nyumba akataja mahari. Sikushika kichwa, maana nilikuwa nimemsikia Kibwana akifanya mazoezi ng'ambo ya ukuta. Kisha akataja kilemba chake yeye baba. Mhasibu akadai mkaja wake yeye mama, akieleza kwamba kuilea nyumba hii kumemtesa mgongo. Wajomba nao wakadai kifungua mlango, na yule wa karanga akadai chake peke yake kwa sababu, alisema, mlango ule una kitasa.

"Wazee wangu," nilisema, "je, tunaweza kuiona?"

Wajomba wote waligeuka kunitazama. Hata karanga zilinyamaza.

"Bwana mshenga," alisema baba wa nyumba, "kwenu mnaposa hivyo? Mtoto wa watu mnamgeuzageuza kwanza kama tikiti sokoni? Hii ni nyumba iliyolelewa. Imefunikwa, na haijapata kuingiwa na mwanamume hata mmoja."

Niliona aibu, nikaomba radhi. Sifa ile baadaye ilithibitika kuwa kweli tupu.

Kwa vile akiba ya Kibwana haikufika hata nusu ya mahari, aliunda kamati ya harusi. Na hapa lazima nikiri kwamba Waziri alitujua. Watu ambao Kibwana asingethubutu kuwaomba kiberiti walijaza kadi za michango bila kusukumwa. Muuza mkaa alichanga. Mzee Kondo aliahidi kuliko wote akapewa uenyekiti. Kamati ilikutana kila Jumapili kwa soda na mishikaki ili kujadili namna ya kubana matumizi, na mishikaki ikawa ndiyo matumizi.

Mahari ililipwa, kilemba na mkaja pia. Fedha zilizobaki zikapangiwa ukumbi, sare za kijani, mpiga picha za video, na keki yenye umbo la nyumba, ambayo kusema kweli ilikuwa na vyumba vitatu.

Siku moja Sikudhani alisimama kikaoni, akiwa bado ana unga mikononi.

"Naomba kuuliza, jamani. Hizi fedha za keki na video, mngetupa sisi tukanunua tofali, si tungekuwa tumeshajenga hata chumba kimoja cha mama?"

Wajumbe walitazamana. Mzee Kondo alimjibu kwa upole wake ule ule.

"Binti yangu, nani anachangia tofali? Mtu akichangia tofali anakula nini?"

Wote waliona hoja ni nzito, nami nikiwemo. Nilikuwa nimeshika mshikaki.

Wiki ya harusi Bi Mashavu aliletwa kutoka kijijini. Alishuka na kuku mmoja na mkeka wake, akampapasa mkwewe usoni, akamwambia amekonda. Wakati wa ujana wake alikuwa somo, yaani kungwi, amefunda wari na kusuluhisha ndoa za tarafa nzima, na mambo haya ya kuposa nyumba yalimpendeza alipoelezwa. Alituuliza kitu kimoja tu: upande wetu nani alikwenda kuchunguza? Nikamwambia kwamba kuchunguza ni utovu wa adabu. Aliendelea kumfunga kuku miguu.

Harusi ilifana. Mheshimiwa Lugongo alihudhuria mwenyewe, pamoja na matarumbeta ya polisi. Kule Mabondeni, katikati ya uwanda wa majani, bibi harusi alisimama amefunikwa shela jeupe lililoshonwa na Kibwana kwa mikono yake, kitambaa ambacho kingetosha mapazia ya hospitali. Waziri alihutubia kuhusu subira ya mwananchi. Wajomba walipewa kifungua mlango. Kisha matarumbeta yakalia, na shela likavutwa.

Ulikuwa mlango.

Nataka mnielewe vizuri. Ulikuwa mlango mzuri, wa mbao ngumu, umepakwa rangi ya kijani, una fremu na una kitasa kweli. Nyuma yake ulitegemezwa kwa miti miwili. Kulia kwake palikuwa na majani, na kushoto kwake majani.

"Nyumba yenyewe iko njiani," alisema Mkurugenzi wa Viwanja. "Huu ni mwanzo wake. Kila kitu cha maana kinaanzia mlangoni."

Watu walipiga vigelegele, kwa sababu chakula kilikuwa bado hakijatolewa. Kibwana alisimama tu na suti yake. Bi Mashavu alimwomba bintiye amshike mkono, akaenda hadi mlangoni akiongozwa na weupe wa shela lililolala chini. Alipapasa mbao, akageuza kitasa, akafungua, akaingia. Alikwenda upande wa pili akajikuta amesimama na mbuzi. Akarudi kupitia mlango ule ule, akaufunga taratibu, maana ni mtu mwenye adabu.

"Mheshimiwa," alimwambia Waziri, "hii ni ndoa?"

"Ndoa halali kabisa, mama yangu."

"Kwa taratibu zetu zote?"

"Zote, bila kupunguza hata moja. Hilo nimelisimamia mimi."

"Haya. Mimi ndoa nazijua. Bibi harusi akifichwa kilema, bwana harusi akakiona siku ya kwanza kabla hajalala naye, ndoa inavunjwa na mahari inarudi kwa mwenyewe yote, pamoja na kilemba. Huyu bibi harusi hana mwili. Kibwana, mwanangu, muache."

Sijapata kumwona Kibwana akinyanyua sauti hata siku moja. Siku hiyo aliugeukia ule mlango mbele ya Waziri, mbele ya matarumbeta, mbele ya keki, akasema, "Nimekuacha." Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Kumbe nchi nzima walikuwapo watu waliooa milango. Mmoja alioa dirisha. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyefunga ndoa na tangi la maji, na alikuwa akilitembelea kila Ijumaa kwa matumaini. Habari za Kibwana zilipoenea walijipanga nje ya mahakama ya ndoa, kila mmoja na cheti chake cha Mdaiwa Mwaminifu, wakidai talaka na mahari zao. Mahakimu, ambao nao wengine walikuwa wameoa, waliwapa.

Hapo ndipo wizara ilipofungua Chungu cha Taifa ili irudishe mahari. Ndani walikuta risiti za ulinzi.

Baraza la Mawaziri lilikaa mchana na usiku. Asubuhi Mheshimiwa Lugongo akaja redioni, sauti imekauka.

"Ndugu wananchi, Serikali yenu sikivu imetafakari. Kuiita nyumba mke kulikuwa kuikosea heshima. Nyumba inakusitiri na kukukinga mvua tangu utotoni. Kwa hiyo, kuanzia leo, kisheria, nyumba si mke. Nyumba ni mama. Na mama haachwi. Na ulichompa mama hukidai."

Mstari wa mahakamani ukavunjika. Mambo yangeishia hapo, ningekuwa nawasimulia msiba. Lakini Waziri wetu akishaanza kusema vizuri hajui kunyamaza, na aliendelea: "Nasema tena kwa msisitizo, nyumba ni mama, na mama ni nyumba. Sheria hii ina nguvu pande zote mbili, na atakayemtenganisha mwananchi na nyumba yake atafungwa."

Chumba cha jirani redio ilizimwa ghafla. Nikasikia Sikudhani akisema, "Kibwana, umesikia alivyosema?"

Siku hiyo Bi Mashavu alikuwa arudishwe kijijini, kwa sababu Mzee Kondo alimvumilia kwa ajili ya harusi tu na harusi ilikuwa imekufa. Mzigo ulishafungwa. Sikudhani aliufungua, akautandika mkeka wa mama yake ukumbini, karibu na mlango wa chumba chao, akamkalisha juu yake. Mzee Kondo akatokea.

"Binti yangu, tulisemaje kuhusu wageni?"

"Sina mgeni, baba. Hii ni nyumba yangu. Ulisema nichukue nyumba yangu. Nimeichukua."

Mzee Kondo alicheka. Kisha akafikiri, akaacha kucheka, akaenda kumwita ofisa. Alikuja Bwana Mtitu, maana makungwi walikuwa wamehamishiwa kitengo cha ukaguzi. Alimzunguka Bi Mashavu. Alisoma masharti ya ukutani, akayasoma tena. Yalikataza mgeni, kutwanga na pasi. Hayakukataza nyumba. Alipima kwa kamba kutoka kichwani hadi miguuni pa Bi Mashavu, na bibi akakaa wima ili asimharibie kazi.

"Mwanangu, umekula?" Bi Mashavu alimuuliza.

Bwana Mtitu alisema yuko kazini. Lakini kitumbua alichopewa alikipokea, na cha pili, kisha akaandika kwamba nyumba iko imara, inahitaji ukarabati wa macho, na haiwezi kuhamishwa na mtu yeyote. Aliacha kibao cha bati chenye namba. Bi Mashavu hukitumia kuwekea sufuria ya moto.

Kibwana bado ni mpangaji. Fedha zake hazitarudi, na mapazia anashona hadi usiku kama zamani. Ila nikipita alfajiri namwona Sikudhani akiukanda mgongo wa mama yake kabla ya kuwasha jiko, na uso wake sijui niuelezeje. Amepumzika.

Mwisho wa mwaka Serikali ilitoa takwimu. Tatizo la makazi limekwisha. Kila raia ana nyumba, isipokuwa yatima, ambao wamewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Nilikwenda kuangalia jina langu, nikalikuta. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, sina hakika hata ya sura yake. Nilisaini mbele ya jina nikarudi nyumbani, yaani kwa Mzee Kondo.

Jioni Bi Mashavu aliniita nile. Nikamweleza kwamba nimeuliza wizarani, na kisheria nikila kwake nahesabiwa nimepanga, kwa hiyo anitajie kodi tuandikishane. Alifikiri kidogo, akinisogezea sahani.

Akasema nimtekee maji asubuhi, na nikitoka niwe namuaga.